Asiyeitikia Salamu Pia Yupo

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kwa harufu ya chai ya tangawizi iliyomwagika sakafuni. Birika zima, na mguu wa nyanya yangu katikati. Nitafika huko. Kwanza nikwambie mbona nakuandikia, maana najua utashangaa kukuta kurasa za shajara yangu zimekunjwa ndani ya kitabu chako cha hesabu.

Usicheke nikikuita mwanangu. Mimi nina miaka kumi na saba, wewe kumi na tano, na mtu wa nje akisikia atadhani tumerukwa na akili. Lakini ndiyo desturi ya bweni letu: mgeni akifika na sanduku lake anapewa mama kutoka kidato cha nne, wa kumwonyesha bomba lenye maji na kumtetea kwa wenye midomo. Siku ya kuchagua watoto mimi nilijificha nyuma ya mlango, ikabidi nipewe aliyebaki. Aliyebaki ulikuwa wewe, Neema wa Membley, uliyeshushwa kwa gari la babako ukiwa na blanketi tatu na maswali yasiyohesabika. Nashukuru Mungu kwa mlango ule.

Sasa, Jumapili tulikuwa tunaanika nguo. Ukasimama na soksi mkononi, ukafunga macho, ukaniuliza, "Mamii, nikifunga macho hivi, nyinyi huwa mnaenda wapi?"

"Wewe anika soksi."

"Hapana, niko siriasi. Nitajuaje mko? Labda ni mimi tu niko. Labda nyinyi wote, na matroni, na hii kamba, mko kwa kichwa yangu."

"Basi kichwa yako iko na soksi chafu."

Wasichana wakacheka. Na wewe ukacheka kidogo, halafu ukanyamaza mpaka jioni. Hapo nikajua nimekosea. Kuuliza si ujinga, na wewe hukuwa unacheza. Jibu nilikuwa nalo, tena nililipata kwa uchungu, lakini mdomo wangu unaujua: mbele za watu unafunga kama duka siku ya Krismasi. Kalamu ndiyo haina haya. Basi soma polepole.

Nyanya yangu mzaa baba, ambaye sisi watu wa Bungoma tunamwita Kukhu, alikuja Thika akiwa ameolewa juzi tu, akaajiriwa katika kiwanda cha nguo. Kazi yake ilikuwa moja: kusimama mbele ya kitambaa kinachopita juu ya taa, na kutafuta kosa. Uzi uliokatika, doa la mafuta, mstari uliopinda. Akiona, anaweka chaki. Alifanya hivyo mpaka nywele zikawa nyeupe, na macho yake yalijulikana kiwanda kizima. Halafu, akiwa ameshastaafu na kurudi nyumbani kulima, yale macho yakamgeuka. Akapata ugonjwa unaokula katikati ya jicho na kuacha pembeni. Ili akuone anaangalia kando yako, kama anayeongea na sikio lako. Baba akaenda kumchukua, akamleta kwetu Ngoingwa, mtaa wa hapo Thika.

Hakukaa sana kabla hajaanza kuona wageni.

Walikuwa watu wafupi wenye kofia za rangi, wamejipanga ukutani kama wanaongoja kupiga kura. Siku nyingine bustani ya maua ilimea juu ya televisheni. Mara moja alikuta ng'ombe mweupe jikoni. Baba aliogopa sana. Akasema ni mapepo, akasema ni akili inaondoka, akataka kuita watu wa kanisa waje na mafuta. Kukhu akamwambia, "Waite. Lakini wasiwafukuze hawa wa kofia. Hawajawahi kuniomba hata chai."

Daktari ndiye aliyetutuliza. Alisema si wazimu wala pepo, inawapata wengi ambao macho yao yamezimika. Macho yakikosa chakula, alisema, ubongo unayapikia. Kukhu alilipenda jibu hilo. Alikuwa mtu wa jikoni, alielewa.

Lakini fikiria, mwanangu. Wewe uliuliza swali lako ukiwa na soksi mkononi na macho mazima. Yeye aliamka nalo kila asubuhi. Kila kilichosimama mbele yake kilikuwa swali: hiki kipo, au nimekipika mimi? Na alikuwa na birika la moto mkononi.

Akajitafutia kipimo. Kwetu salamu ni "mulembe", yaani amani, na ukiambiwa mulembe unaitikia mulembe. Kutoitikia ni kama kumtemea mtu mate. Basi Kukhu akawa anasalimu kila kitu. Anayeitikia yupo, anampisha. Asiyeitikia hayupo, anapita katikati yake kama moshi.

"Na ng'ombe wa kweli akiingia?" nilimuuliza wakati huo. "Ng'ombe hajui mulembe."

"Ng'ombe wa kweli ananuka," akasema.

Kwa kipimo hicho alitembea nyumba nzima bila kugonga mtu. Alipika, alifagia, aliimba. Usilolijua ni usiku wa giza, wanasema wahenga, lakini yeye alikuwa amejiwashia taa yake.

Taa hiyo ndiyo niliyoizima mimi.

Lazima ujue nilivyokuwa. Unaniona hivi sasa nasema maneno matatu kwa siku. Zamani lilikuwa moja. Nikiwa kidato cha pili, mwalimu wa darasa akiita majina, mimi naitika kwa sauti ya sisimizi, na yeye anaandika sikuwepo. Nilikuwa nimekaa mbele yake, naiona kalamu yake ikiandika kwamba sipo. Mtu mwingine angenyoosha mkono. Mimi nilikaa nikawaza: mwenye kosa ni rejista, mimi najijua niko. Sikuona kuna shida. Nilijipenda hivyo, kama mtu aliyejifunika shuka mchana.

Basi ile siku tulifunga kwa likizo fupi, nikafika nyumbani mapema kuliko walivyonitarajia. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Nikasimama pale mlangoni na sare yangu na begi mgongoni. Kukhu alikuwa anatoka na birika la chai, akasimama, akageuza uso upande wangu.

"Mulembe," akasema.

Na mimi nikatabasamu.

Ni hivyo tu. Sikuwa na kiburi, sikuwa na hasira. Nilimwona, nikadhani ameniona. Nilikuwa nimechoka, sauti ilikuwa mbali, na tabasamu lilikuwa karibu. Nikampa tabasamu mtu asiyeona tabasamu.

Kukhu akangoja kidogo. Halafu akacheka peke yake. "Kumbe hata nyinyi siku hizi mmenunuliwa sweta za shule," akasema, na akatembea moja kwa moja akaingia ndani yangu.

Kile kishindo bado nakisikia. Begi langu, ukuta, birika, mguu wake. Wahenga hawakukosea waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mungu ni mkubwa, haikuwa mbaya sana. Mguu ulibabuka juu, ukafungwa bendeji kliniki, tukaambiwa utapona. Lakini jioni Baba alikaa mbele ya mamake, akasema kwa upole, "Mama, jikoni basi. Imetosha." Akafunga mlango wa jikoni kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Mama yangu akirudi kutoka kazini ndiye angepewa afungue na kupika. Kukhu hakubisha. Alikaa kwenye kiti cha sebuleni na hakuinuka tena ila kwa kushikwa mkono. Kwa mwanamke aliyelisha watu maisha yake yote, kufungiwa nje ya jikoni ni kuzikwa ukiwa umekaa.

Na sasa nikwambie la aibu. Baba alidhani macho ndiyo yamemponza. Hakuna aliyeniuliza kama niliitikia. Na mimi nikanyamaza mara ya pili.

Siku mbili Kukhu hakunisemesha. Ya tatu tulibaki wawili, mimi nachambua maharagwe sakafuni, yeye kwenye kiti. Akasema, "Nekesa."

"Naam, Kukhu." Ndiyo, mara hii niliitika!

"Mimi nilikuwa na mpaka. Wanaoitikia huku, wasioitikia kule. Umenivunjia. Sasa kila mwenye kofia anaweza kuwa wewe. Nipite wapi?"

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini mtoto mwenye hatia hujitetea kwa chochote, nikasema, "Lakini Kukhu, nilikuwepo. Hata kama hukunisikia, nilikuwepo tu."

Nilidhani atakasirika. Akatikisa kichwa, akageuza macho kando yangu ili anione. "Hilo ni kweli," akasema. "Mguu wangu umenifundisha. Mimi ndiye nilijidanganya kwamba kisichonijibu hakipo, na ni upuuzi, nilipaswa kujua. Kule kiwandani kuna kitambaa kilinipita siku moja na doa. Sikuliona, sikuweka chaki. Kikashonwa, kikavaliwa, kikarudishwa na maneno makali. Doa halikungoja jicho langu ndipo liwe doa."

Halafu, taratibu: "Kwa hiyo ulikuwepo. Nakubali. Lakini ulikuwepo kwa faida ya nani?"

Nimeandika sentensi hiyo kwenye jalada la ndani la kila shajara niliyonunua tangu siku hiyo.

Jioni Baba aliporudi nikamfuata pale anapovulia viatu. Nikasema, "Baba, Kukhu alinisalimia. Mimi ndiye sikuitikia. Macho yake hayana makosa."

Baba akabaki na kiatu kimoja. Naona alishangazwa na urefu wa maneno kuliko maneno yenyewe. "Sasa unataka nifanye nini?"

"Umpe ufunguo."

"Amwage tena?"

"Jumapili kabla nirudi shule, umjaribu. Akipita nyumba nzima bila kugonga mtu, umpe."

Baba akakubali, nadhani kwa sababu ya kushangaa.

Tukawa na siku tatu za mazoezi. Kukhu alitunga kipimo cha pili. "Salamu ni ya wenye adabu," akasema. "Kwa wasio na adabu kama wewe nitatumia maharagwe." Akatia konzi mbili za maharagwe kwenye kopo, akaliweka mfukoni mwa aproni. Asiyeitikia anarushiwa punje moja. Ikipita na kugonga ukuta, ni mgeni wa kichwani. Ikirudi au ikilia, kuna mtu.

Na mimi adhabu yangu ilikuwa kusimama kila pembe ya nyumba niitikie. "Sikusikii," anasema. "Mulembe!" "Huyo ni panya." "MULEMBE!" Jirani yetu Mama Shiko akachungulia juu ya ua.

"Nekesa! Leo umeingiwa na loho gani? Na wewe Shosho, hiyo mahalagwe unalushia kuku gani? Si hamna kuku!"

"Napanda, Mama Shiko," Kukhu akajibu. "Nangoja watu wamee."

Jumapili baada ya chakula, Baba alimwambia Kukhu aondoke kwenye kiti aende mpaka mlango wa jikoni. Halafu, bila kuniambia, akatoa viatu, akanyata mpaka katikati ya ukumbi, akakaa juu ya stuli akabana pumzi. Baba yangu, mtu mzima wa kanisa! Nilitaka kupiga kelele nimwonye Kukhu. Lakini nikaelewa kwamba nikisema itakuwa nimempitisha mimi.

Kukhu akainuka. Bendeji mguuni, mkono mmoja ukutani. Hatua tatu, nne. Akafika karibu na stuli. Akasimama.

"Mulembe."

Kimya. Namwona Baba mashavu yamejaa kama anapuliza moto.

"Mulembe, wewe wa kofia."

Kimya. Mguu wa Kukhu ukainuka kidogo, ule wenye kidonda, ukarudi chini. Niliona hofu usoni mwake, na hofu ile niliipanda mimi. Kisha mkono ukaingia kwenye aproni, ukarusha.

"Aaai!" Baba akaruka, ameshika kichwa.

"Kumbe si kofia," Kukhu akasema. "Ni kipara."

Tulicheka mpaka Mama akatoka chumbani kuuliza nani amefariki. Baba akatoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha mamake na kukifunga kwa mikono yake miwili. Na Kukhu akafungua, akaingia, akaanza kugombana na sufuria zake kwa jinsi zilivyohamishwa.

Chai ya siku hiyo alinipa mimi wa kwanza. Alikuja nayo mlangoni, mahali palepale, akasema mulembe, na mimi nikaitikia kwa sauti kubwa hivi kwamba alishtuka na nusura aimwage tena.

Nilimuuliza tukinywa: wale wageni wako, wapo au hawapo? Akafikiri kama mtu anayeonja chumvi. "Nikiwaona, ni kweli nawaona," akasema. "Hilo usiniambie ni uongo. Lakini ni watu wangu mimi, wanaishi kwa gharama yangu. Siku nitakapokwenda, tutakwenda nao. Wewe utabaki. Hiyo ndiyo tofauti. Mgeni wa kichwani hamwagi chai ya mtu, Nekesa. Wa kweli anamwaga."

Basi mwanangu, nasaha zangu ni hizi, na usiache kuzishika eti kwa sababu zimetoka kwa mama wa miaka kumi na saba.

Ukifunga macho hatuendi mahali. Tunabaki hapahapa, na soksi zinaendelea kukauka, na yule wa kitanda cha chini anaendelea kuchota sukari yako, utaona kesho. Asubuhi ya ukungu mlima wa Kilimambogo hauonekani kutoka Thika, na hakuna mtu aliyewahi kutuma watu wakautafute. Siwezi kukuthibitishia kwa kanuni kama za fizikia. Nilijaribu kuandika, nikafuta. Najua tu kwamba dunia iliwahi kumgonga Kukhu akiwa na hakika haipo, na dunia hiyo ilikuwa mimi. Mtu anayeota peke yake hagongwi na asichokitarajia hivyo. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Mimi naongeza, hata lisilosemwa lipo, na usilipite ukidhani ni moshi.

Ukiwa na shaka, rusha punje. Yaani uliza, gusa, ngoja uone kama kitu kinakukatalia. Usitosheke na kichwa chako, hata kama ni kizuri, na chako ni kizuri kuliko changu.

La mwisho ndilo lililonifanya niandike. Asubuhi majina yakiitwa nakusikia unavyoitika. Unaitika kama mimi zamani, kwa sauti ya sisimizi, halafu unashangaa bweni zima kama liko kichwani mwako. Haliko kichwani mwako, Neema. Ni wewe hujatoka kwako ukaja kwetu. Mtu akikuambia habari, mjibu asikie. Kuna watu wanaangalia kando yako ili wakuone, na wewe huwezi kuwajua kwa macho. Usiwape tabasamu peke yake. Wanaweza kuwa wamebeba kitu cha moto.

Mungu akuzidishie maswali, na akupe watu wa kukujibu. Akupe macho mpaka uzeeni, na yakichoka, akupe mjukuu mwenye sauti. Popote utakapofika na kusema "hodi", pawe na mtu.

Kesho kabla ya kengele nitapita kando ya kitanda chako. Sitakuangalia usoni, unajua ninavyoona haya. Nitasema mulembe mara moja tu. Itika mpaka wa kitanda cha chini aamke.